Hiari ya Polikarpi

Wa kwanza kuja kushukuru alikuwa Kokushubira, jirani wa ng'ambo ya barabara. Alimkuta Nyirabageni nyuma ya nyumba, ameketi kwenye majani ya migomba anamenya ndizi za mchana, na badala ya kumsalimia kwa mbali kama siku zote, alipiga magoti, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Costansia, Mungu awabariki. Nimeona nisipitishe siku bila kuja."

Nyirabageni alicheka. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. "Nimekufanyia nini tena mimi?"

"Usijifanye hujui. Kiwanja! Watu wote walipiga makofi jana. Nami nilipiga, nikamwambia huyu wa mgongoni, piga na wewe, siku moja utachomwa sindano pale kwa bibi Nyirabageni."

"Kiwanja gani?"

Kokushubira alimtazama usoni, kisha akatazama chini, akajua kwamba amemwaga kitu kisichozoleka. Jana Nyirabageni hakwenda mkutanoni. Alikuwa na homa. Mumewe Polikarpi alikwenda, akarudi jioni, akala, akalala. Asubuhi alichukua jembe akaenda kulimia watu kama kawaida.

"Labda baba Costansia alitaka akwambie mwenyewe," Kokushubira alisema taratibu. "Zahanati ya kijiji. Amekitoa kibanja chenu cha barabarani. Mwenyekiti alisema ametoa kwa hiari yake."

Kisu kilibaki mkononi mwa Nyirabageni. Kibanja cha barabarani ndicho kibanja chao pekee, shamba lote la migomba walilokuwa nalo. Nyumba yenyewe ilikuwa pembeni tu, kwenye kipande kisichotosha hata shina kumi za migomba. Na katikati ya kibanja hicho, baina ya mimea miwili ya mlamula, mti wa kuwekea kaburi alama, aliyoipanda kwa mkono wake, mmoja kichwani na mwingine miguuni, alikuwa amelala mtoto wao wa pili, Joviana.

Kabla ya jua kusimama utosini walikuja wanawake wengine wawili, na mzee mmoja wa kanisani, na mke wa balozi wa nyumba kumi aliyeleta sukari kidogo katika karatasi, sukari ambayo mwaka ule wa themanini na nne haikuonekana dukani Kayanga kwa pesa wala kwa machozi. Wote walishukuru. Nyirabageni aliwaitikia wote, akawakaribisha, akawapa viti. Hakuna aliyemwona akilia. Mtu akija nyumbani kwako kukupa asante, unaipokea. Huwezi kumwambia airudishe alikoitoa.

*

Polikarpi aliporudi aliiona ile sukari mezani, akajua.

"Kaa," mkewe alimwambia.

Alikaa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mgongo ulioanza kuinama kwa kulima mashamba ya wengine. Walivuka mpaka kutoka Rwanda wakiwa vijana, Costansia angali tumboni, na mzee Rwegasira wa Kituntu akawapa kile kibanja kwa maneno tu, mbele ya mashahidi na mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi. Rwegasira alikuwa amekwisha kufa. Mwanawe Kahigi ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji.

"Umemtoa Joviana?"

"Sikumtoa."

"Watu wanakuja kunishukuru, Polikarpi. Nimeshukuriwa tangu asubuhi mpaka masikio yananiuma. Umesema nini huko?"

Alieleza kwa vipande vipande, akiyatazama matope ya miguuni mwake. Wiki iliyopita, kilabuni, Kahigi alimnunulia kibuyu cha rubisi, akamwambia kuwa wafadhili wa zahanati wamepatikana, saruji itakuja, lakini wanataka kiwanja cha barabarani. Akasema, si lazima, mzee, ni ukipenda tu. Polikarpi akamjibu kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mkubwa, "Ni chenu, waitu."

"Ulisema hivyo?"

"Ni maneno ya heshima! Mtu akikusifia ng'ombe wako unamwambia ni wako. Huwa hamfungui akaondoka naye! Nilisema hivyo nikanywa pombe yangu. Sikujua kama hayo ndiyo majibu."

"Na jana?"

Polikarpi alikwangua tope kwenye kisigino chake.

"Jana alisimama mbele ya watu akasema, mwananchi mwenzetu Ndugu Polikarpi ametoa kibanja chake kwa hiari yake, kwa moyo mweupe, bila kulazimishwa na mtu. Akasema, simama wakuone."

"Ukasimama."

"Nikasimama."

"Ungeweza kusema, jamani, sijatoa."

"Walikuwa wamekwisha kupiga makofi." Sauti yake ilishuka. "Mama Costansia, miaka yote hii hapa mimi ni yule Mnyarwanda. Mwiteni yule Mnyarwanda atulimie. Yule Mnyarwanda asikae mbele. Jana waliniita mwananchi mwenzetu. Walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi sijapigiwa makofi tangu nizaliwe. Nilivua kofia nikainama. Nilipoketi ndipo nikamkumbuka mtoto."

Nyirabageni alimtazama mumewe kama anayemtazama mtu aliyeanguka kisimani, asijue aanze kumwonea huruma au kumlaani. Kisha akachukua ile sukari, akaikunja vizuri katika karatasi yake, akaiweka juu kabisa ya rafu, mahali ambapo hakuna mtu angeifikia bila kupanda kigoda.

"Kesho uende kwa Kahigi," alisema. "Umwambie ulikosea kusema."

*

Nyumbani kwa Kahigi, vibarua husubiri upande wa jikoni, kwenye gogo karibu na mahali pa kuanikia kahawa. Polikarpi alikuwa amekwisha kuketi kwenye gogo hilo alipokumbuka kwamba leo hakuja kuomba kibarua. Lakini hakuinuka. Alingoja hapo mpaka mwenyekiti akatoka, mswaki ukiwa bado mdomoni.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema, ingawa alimzidi umri kwa mbali.

"Marahaba. Aa, mzee wangu! Sasa unakaa huku kwa nini? Njoo sebuleni. Wewe sasa ni mtu mkubwa."

Hakwenda sebuleni. Alisema alichotumwa, kwa Kiswahili chake kizito, maneno yakigongana. Kuna mtoto pale. Mama yake anaumia. Yeye mwenyewe alisema ni chenu kwa heshima tu, si kwa maana.

Kahigi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alikuwa ameihangaikia zahanati ile kwa miaka mitatu, akienda Kayanga kwa miguu na kurudi, akikaa nje ya ofisi za watu. Wake zake wote wawili walikuwa wamezalia njiani.

"Mzee Polikarpi," alisema, "nani alikulazimisha?"

"Hakuna."

"Nilikutishia?"

"Hapana."

"Basi ni hiari. Hiari maana yake ni kwamba hata sasa unaweza kukataa. Sikuzuii. Jumamosi kuna mkutano. Simama mbele ya watu waliokupigia makofi uwaambie, mimi Polikarpi narudisha neno langu, zahanati isijengwe. Mimi nitawaandikia wafadhili kwamba mwenye kiwanja amekataa." Alitema mate pembeni, akaosha mswaki. "Lakini ujue watu watauliza. Watauliza yule alipewa na nani kile kibanja. Watauliza karatasi. Sitauliza mimi. Marehemu baba alikupa kwa moyo wake, na mimi siwezi kumfukua baba. Lakini watu wana midomo."

Polikarpi alisugua kiganja chake kwenye gogo. "Hatuwezi kusogeza jengo kidogo? Upande wa juu, pale pana nafasi."

"Upande wa juu ni kahawa yangu."

Polikarpi alisimama, akaaga kwa kuinama. Alikuwa amefika getini Kahigi alipomwita.

"Na kuhusu kaburi, mkitaka kulihamisha tutawasaidia. Vijana wapo. Mtapewa sehemu kule rweya, kwenye nyasi za kilimani. Mkitaka kuliacha hapo hapo chini ya msingi, nalo ni sawa. Hilo nawaachia wenyewe. Ni hiari yenu."

*

Jumamosi Nyirabageni alivaa kitenge chake cha kwendea misa, akaenda mkutanoni na mumewe. Waliketi nyuma, yeye chini kwenye nyasi pamoja na wanawake, Polikarpi kwenye benchi la pembeni pamoja na wanaume. Walikubaliana njiani kwamba Polikarpi ndiye atakayesema. Alikuwa ameyarudia maneno tangu nyumbani, midomo ikicheza.

Ajenda ya zahanati ilipofika, Kahigi aliuliza kama kuna mwenye la kusema. Nyirabageni alimtazama mumewe. Polikarpi alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili, anaigeuza, anaigeuza. Alifumbua mdomo. Mbele yake aliketi Kokushubira na mtoto wake mgongoni, mtoto anayekohoa kikohozi kile kikavu kilichowapitia watoto wengi masika ile. Polikarpi alimtazama yule mtoto, akafumba mdomo.

"Kama hakuna, tuendelee."

"Mimi ninalo," alisema Nyirabageni.

Watu waligeuka. Alisimama, akajifunga vizuri kitenge kiunoni.

"Shikamooni wazee. Kiswahili changu si kizuri, mtanisamehe. Mimi sikuja kukataa zahanati. Mnajua mwanangu alikufa wapi. Tulimbeba kwenye machela kwenda hospitali ya misheni, baadhi yenu hapa mlikuwa mabegani. Alitufia kilimani, hatujafika hata nusu ya njia. Kama ingekuwapo zahanati hapa, leo angekuwa binti mkubwa. Mnafikiri mimi ndiye wa kuizuia?"

Mzee mmoja aliitikia kwa koo.

"Nina neno moja tu. Hakuna aliyeniuliza. Kama mtu angekuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, Nyirabageni, pale alipolala mwanao tunapaomba, tujenge dawa, watoto wa wengine wapone, ningelia siku hiyo, na kesho yake ningesema ndiyo. Ningesema ndiyo, haki ya Mungu. Sasa mmechukua nilichokuwa tayari kuwapa. Naomba mniulize. Leo, hapa, mbele ya watu. Niulizeni kama mnavyomuuliza mtu."

Upepo ulipita kwenye migomba. Kahigi alikuwa amesimama nyuma ya meza, na kwa muda ilionekana kama angeuliza. Maneno yalikuwa tayari karibu na meno yake. Lakini alifikiria saruji iliyokwisha kupakiwa, akafikiria huyu mama akiangua kilio mbele ya umati, na kwamba ukimuuliza mtu unampa pia nafasi ya kusema hapana.

"Mama," alisema kwa upole, "jambo hili lilikwisha kupita. Mzee wako alitoa, na mume akitoa, nyumba imetoa. Tumeshukuru sana."

"Muulizeni tu!" Kokushubira alipaza sauti kutoka kwenye nyasi. "Inagharimu nini?"

"Tukianza kuuliza mmoja mmoja tutamaliza lini? Kesho mtu atasema kuku wake hakuulizwa."

Wanaume wachache walicheka. Si kicheko kibaya. Ni kile cha watu wanaotaka jambo zito liishe. Kahigi aliinua karatasi yake. "Ajenda inayofuata. Mbuzi wanaozurura mashambani."

Waliongea juu ya mbuzi. Waliongea kwa muda mrefu, watu wakishitakiana, mmoja akileta mkutanoni mche wake wa kahawa uliogugunwa. Nyirabageni hakuketi. Alibaki amesimama palepale katikati ya wanawake waliokaa, mikono ameifungamanisha mbele, kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni. Mara mbili Kokushubira alimvuta kitenge. Mumewe hakuinua macho mpaka mkutano ulipofungwa kwa sala.

Njiani kurudi Nyirabageni alitembea mbele, mumewe nyuma.

"Ulikuwa mkutano wa watu wengi," Polikarpi alisema.

Nyirabageni aliongeza mwendo.

*

Siku ya kuchimba msingi ilitangazwa kuwa siku ya kujitolea. Kila nyumba itoe mtu na jembe. Asiyefika atatoa mbuzi. Alfajiri ya siku hiyo, kabla watu hawajafika, Polikarpi na mkewe walikuwa tayari kibanjani. Umande ulidondoka kutoka kwenye majani ya migomba kama mvua ndogo. Fundi alikuwa amekwisha kupigilia vigingi na kuvuta kamba zake, na kamba moja ilipita juu ya mlamula wa kichwani.

Polikarpi alichimba. Alichimba kwa utaratibu, akiuweka udongo upande mmoja, kama anavyolima mashamba ya wengine. Shimo lilipofika usawa wa kiuno, Nyirabageni alimgusa bega.

"Toka."

Alishuka yeye. Aliacha jembe, akaendelea kwa mikono. Alikuwa amejiandaa kwa mengi lakini si kwa uchache ule. Mkeka waliomzikia ulikuwa umekuwa udongo. Aliviokota alivyoviona, kimoja kimoja, akavipangusa kwa ncha ya kanga, akampa mumewe juu, naye akaviweka kwenye shuka jeupe alilokuwa ameletewa na Kokushubira. Alipodhani amemaliza alibaki mle shimoni akipapasa kuta za udongo, anarudi pale alipokwisha kupapasa, kwa sababu hakuwa na namna ya kujua kama amemchukua wote.

Ndipo wanakijiji walipoanza kufika. Walikuja wakiimba wimbo wa kazi, majembe mabegani, vijana mbele wakipiga miluzi. Wa mbele waliona, wakanyamaza. Wa nyuma waliendelea kuimba kidogo, kisha nao wakanyamaza. Kahigi alisogea, akavua kofia. Alitaka kusema pole. Alimtazama mama yule aliye ndani ya shimo, nywele zimejaa udongo, na pole haikutoka.

Nyirabageni alinyoosha mkono ili atolewe. Polikarpi aliinama kumvuta, lakini mkono wa mkewe ulikuwa umempita, umemshika Kokushubira aliyesogea ukingoni.

Walimzika tena Joviana kule rweya, kwenye nyasi za kilima kisicho na mti, mahali ambapo jembe hugonga jiwe kila linaposhuka. Katekista alisoma sala fupi. Walipokuwa wakifukia, sauti za watu waliokuwa wakichimba msingi ziliwafikia kutoka bondeni, zimeanza tena kuimba.

*

Walihamia rweya kabla ya mvua. Polikarpi alijenga kibanda, akaomba machipukizi ya migomba kwa huyu na yule, akasomba samadi kichwani kutoka zizi la mbali, akachimba mashimo kwenye ule udongo mwekundu usiopenda kitu. Nyirabageni alipika, akafua, akaenda kuteka maji. Akisemeshwa alijibu. Lakini hakumwita tena jina, wala baba Costansia, wala chochote. Alisema tu, "Chakula kipo," kama anavyowaambia wageni.

Siku moja, chakula kikiwa bado kinafuka, alisema, "Nakwenda kwa Costansia, Rubwera."

"Kumsalimia?"

"Kukaa."

Polikarpi aliendelea kula, kwa sababu mikono ilikuwa imezoea. "Umekasirika kwa ajili ya kibanja," alisema baadaye.

"Kibanja kilikuwa cha watu, kimerudi kwa watu." Alikuwa akiongea taratibu, bila hasira, na hilo lilimwogopesha mumewe kuliko hasira. "Nilisimama pale nikaongea peke yangu. Nilingoja. Walipomaliza ya mbuzi nilikuwa bado nangoja. Sikuwa nawangoja wao."

Asubuhi Polikarpi alimbebea mzigo mpaka barabarani. Ulikuwa kikapu kimoja, mkeka na sufuria. Lori la kahawa liendalo Kayanga lilikuwa likichukua abiria juu ya magunia, na kutoka Kayanga angepata gari jingine la kwenda Rubwera. Waliposimama wakingoja waliweza kuona kuta za zahanati, zimefika kimo cha madirisha, na upande wa juu kahawa ya Kahigi ikiwa imechanua maua meupe. Hawakutazama huko. Watu waliopita barabarani waliwaamkia kwa heshima, na mmoja akasema, "Mzee, zahanati yako inapanda!" Polikarpi hakumwitikia. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akiiacha salamu ianguke chini.

Lori lilisikika kutoka kwenye kona. Polikarpi aliweka kikapu chini.

"Nyirabageni," alisema.

Aligeuka. Mumewe alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu Costansia azaliwe.

"Nilipaswa kukuuliza mapema. Kilabuni nilipaswa kusema, nitamuuliza mama yake. Mkutanoni nilipaswa kusimama nawe. Sikusema." Maneno yalitoka kama yale ya kwa Kahigi, yakigongana, lakini safari hii hakuacha. "Sasa nakuuliza. Utabaki? Nakuuliza, sikuamuru. Nakuomba usiende."

Lori lilisimama. Utingo aliruka chini akidai waharakishe. Nyirabageni alimtazama mumewe, ule urefu wake, ule mgongo, na machozi ambayo hayakuwa yametoka mkutanoni wala shimoni yalimtoka sasa, mengi, yakamlowanisha shingo.

"Umeniuliza," alisema.

"Ndiyo."

"Basi nitakujibu kweli." Alifuta uso kwa kanga. "Hapana. Siwezi. Kila nikikuona naona kofia yako unavyoizungusha."

Polikarpi aliinamisha kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Hakubisha. Alimshika chini ya mkono, akamsaidia kukanyaga gurudumu na kupanda juu ya magunia, akampa mkeka, akampa sufuria. Kikapu kilikuwa cha mwisho. Alikiinua juu ya kichwa chake, mkewe akakishika kwa juu, na kwa kitambo kidogo wote wawili walikuwa wamekishika, hakuna aliyekivuta wala aliyekiachia, mpaka dereva alipotia gia.